Ronald Fisher, Mtaalamu wa Hesabu na wa Urithi

Tarehe 17 Februari 1890, katika mtaa wa East Finchley mjini London, mama mmoja alijifungua mapacha wa kiume. Wa kwanza alitoka amekwisha kufa. Wa pili alikuwa hai, akapewa jina la Ronald Aylmer Fisher. Siku ile hakuna aliyejua kwamba pacha huyo aliyebaki peke yake angekuja kuwafundisha wakulima, waganga na wataalamu wa dunia nzima namna ya kuuliza maswali na namna ya kupima majibu. Wala hakuna aliyejua kwamba mtu huyohuyo, kwa akili ileile, angekosea sana juu ya thamani ya binadamu wenziwe. Maisha yake yafaa kujulikana kwa pande zote mbili.

Utoto na masomo

Baba yake, George Fisher, alikuwa mnadi wa picha na vitu vya thamani. Nyumba yao ilikuwa kubwa, wala hawakukosa kitu. Husimuliwa ya kwamba Ronald, angali mtoto mdogo wa kulishwa, alimwuliza yaya wake nusu ya nusu ni nini. Akajibiwa kuwa ni robo. Akauliza nusu ya robo, kisha nusu ya hiyo tena, mpaka ikafikia sehemu moja ya kumi na sita. Hapo alinyamaza, akafikiri kidogo, kisha yeye mwenyewe akasema kwamba nusu yake lazima iwe sehemu moja ya thelathini na mbili.

Lakini mtoto huyo mwenye akili hakupewa macho mazuri. Aliona vibaya mno, na waganga waliogopa asije akapofuka. Mwaka 1904 aliingia shule ya Harrow. Mwaka uleule mama yake alifariki, naye Ronald alikuwa na miaka 14 tu. Haikupita miaka miwili, biashara ya baba ikaanguka na mali yote ikapotea. Tangu hapo kijana huyo alisoma kwa msaada wa fedha walizopewa wanafunzi hodari kwa kushinda mitihani.

Kwa ajili ya macho yake, waganga walimkataza kusoma usiku kwa mwanga wa taa. Ingekuwa rahisi kwa walimu kusema kwamba mtoto wa namna hiyo hawezi kufika mbali. Mwalimu wake wa hesabu hakusema hivyo. Jioni alimfundisha bila karatasi, bila kalamu na bila ubao. Mwalimu alisema, mwanafunzi akasikiliza, na hesabu yote ikafanywa akilini. Hivyo Fisher alizoea kuyaona maumbo ya hesabu ndani ya kichwa chake kama vile mtu aonavyo milima mbele ya nyumba yake. Desturi hiyo ilimpa nguvu kubwa. Lakini ilikuwa na hasara yake pia: maisha yake yote aliandika majibu bila kuonyesha njia aliyopita, na wenzake wakahangaika kumfuata.

Mwaka 1909 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika koleji ya Gonville and Caius, akamaliza mwaka 1912 kwa sifa ya daraja la kwanza katika hesabu. Huko ndiko alikosoma habari za urithi, na moyo wake ukashikwa.

Njegere za mtawa

Ili kuelewa kazi ya Fisher, yafaa kumkumbuka mtu mwingine aliyetangulia. Katika mji wa Brno, katika nchi iitwayo leo Ucheki, aliishi mtawa wa shirika la Waagustino, jina lake Gregor Mendel. Katika bustani ya monasteri yake Mendel alipanda njegere kwa maelfu, akazichanganya kwa mkono, akahesabu kwa uvumilivu: ngapi za mviringo na ngapi za makunyanzi, ngapi za manjano na ngapi za kijani. Aliona ya kwamba sifa za wazazi hazichanganyiki kama maziwa na chai. Kila mzazi hutoa chembe moja ya urithi, nazo hubaki kamili, hata kama moja imefichwa na nyingine. Kwa hiyo sifa iliyopotea kwa watoto yaweza kuonekana tena kwa wajukuu. Mendel alitangaza kazi yake mwaka 1866, na karibu hakuna aliyemsikiliza. Alifariki mwaka 1884. Ni mwaka 1900 tu wataalamu walipoigundua upya sheria yake.

Fisher alipokuwa mwanafunzi, wataalamu wa Uingereza walikuwa wakishindana vikali. Wengine walimfuata Mendel. Wengine walisema kwamba njegere ni njegere tu, bali urefu wa watu, uzito wao na mambo mengine mengi hayagawanyiki katika makundi mawili, maana watu wana urefu wa kila kadiri. Mwaka 1918 Fisher alitoa maandiko yaliyoumaliza ugomvi huo. Alionyesha kwa hesabu kwamba chembe nyingi za urithi, kila moja ikifuata sheria ya Mendel na kuongeza kidogo tu, zikikusanyika pamoja huleta tofauti za kila kadiri, kama tuzionavyo katika jamaa moja. Maandiko hayo yalikuwa yamepata pingamizi mjini London, ndipo yakachapishwa mjini Edinburgh. Hata leo huhesabiwa kuwa msingi wa elimu ya urithi.

Miaka kabla ya hapo haikuwa rahisi. Vita ilipoanza mwaka 1914 Fisher alitaka kuwa askari, akakataliwa kwa sababu ya macho. Alifanya kazi katika ofisi ya fedha, kisha akafundisha shuleni, kazi ambayo hakuipenda. Mwaka 1917 alimwoa Ruth Eileen Guinness, msichana aliyekuwa ametimiza miaka 17 siku chache tu kabla ya arusi. Walianza kwa kulima shamba dogo na kufuga. Wakalea watoto wanane, wa kiume wawili na wa kike sita.

Katika mashamba ya Rothamsted

Mwaka 1919 Fisher aliitwa Rothamsted, mahali pa kujaribia kilimo, kaskazini ya London. Huko, tangu mwaka 1843, watu walikuwa wakipanda ngano mwaka kwa mwaka katika shamba lilelile, wakitia mbolea hii na ile, na kuandika mavuno. Daftari zilikuwa zimejaa hesabu za miaka zaidi ya sabini, lakini haikuwa wazi zasema nini. Kazi ya Fisher ilikuwa kuzisemesha.

Mara aliona ya kwamba kosa halikuwa katika kuhesabu peke yake. Kosa lilikuwa katika namna ya kupanga majaribio tangu mwanzo. Mkulima yeyote wa milima ya Lubero au Butembo aweza kulifahamu jambo hili. Shamba la mteremko si sawa kila mahali: juu udongo umechukuliwa na mvua, chini umekusanyika na kunenepa. Mtu akitaka kujua kama mbegu mpya ya viazi yashinda ya zamani, akaipanda mpya chini na ya zamani juu, atavuna zaidi kwa mbegu mpya, naye atafurahi bure. Amepima mteremko, hakupima mbegu.

Basi Fisher alifundisha mambo matatu. La kwanza, jaribio lirudiwe katika vipande vingi vya shamba, kwa kuwa kipande kimoja chaweza kudanganya. La pili, vipande vinavyofanana na kukaribiana vipangwe pamoja, na katika kila fungu mbegu zote zipandwe, ili zishindane mahali pamoja. La tatu, ambalo liliwashangaza wengi, mahali pa kila mbegu ndani ya fungu pachaguliwe kwa kura. Mtu akichagua mwenyewe, hata akiwa mwaminifu, mkono wake huelekea mahali anapopapenda. Kura haina upendeleo. Tena kwa kuwa kura ina hesabu yake, mtu aweza kujua ni mara ngapi tofauti kama ile ingetokea kwa bahati tu.

Alieleza jambo hilo kwa mfano wa chai. Bibi mmoja wa Rothamsted alidai kwamba, akionja chai yenye maziwa, aweza kujua ni kipi kilitangulia kikombeni, chai au maziwa. Fisher hakumcheka wala hakumsadiki upesi. Alieleza namna ya kumjaribu: vitengenezwe vikombe 8, vinne vya namna hii na vinne vya namna ile, navyo viletwe kwa kufuata kura. Bibi akikisia tu, kuna njia 70 za kuchagua vikombe vinne kati ya vinane, na moja tu ndiyo sahihi kabisa. Kwa hiyo akivitambua vyote, si rahisi kusema kwamba ni bahati. Jambo lenyewe ni dogo, lakini kwa kanuni hiyohiyo dawa mpya hujaribiwa leo hospitalini: wagonjwa hugawanywa kwa kura, wengine hupewa dawa mpya na wengine ya zamani, ndipo watu wasinyweshwe dawa kwa sababu tu mwuzaji anaisifu.

Mafundisho hayo aliyaeneza katika vitabu viwili vilivyojulikana sana, kimoja cha mwaka 1925 juu ya njia za takwimu, na kingine cha mwaka 1935 juu ya kupanga majaribio. Kati yake, mwaka 1930, alitoa kitabu juu ya urithi na uteuzi wa maumbile. Mwaka 1933 akawa profesa mjini London, na mwaka 1943 akarudi Cambridge kuwa profesa wa elimu ya urithi.

Damu ya watu

Mjini London Fisher aliunda kikundi cha kuchunguza makundi ya damu. Wakati wa vita ya pili, yeye na mganga Robert Race walieleza namna alama za damu ziitwazo Rhesus zinavyorithiwa. Jambo hilo lina maana kubwa kwa kina mama. Mama asiye na alama hiyo akichukua mimba ya mtoto aliye nayo, damu yake yaweza kujizoeza kupigana na damu ya mtoto, hasa katika mimba zinazofuata. Zamani mama wa namna hiyo alizika watoto mmoja baada ya mwingine, na watu wakanong'ona habari za uchawi. Siku hizi damu hupimwa, na iko dawa ya kuzuia.

Hesabu nyingine ya Fisher yawahusu zaidi watu wa bonde la Semliki. Mwaka 1922 aliandika ya kwamba chembe ya urithi yenye kudhuru yaweza kudumu katika kabila kwa vizazi vingi, ikiwa mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata faida fulani kuliko wengine. Wakati ule ilikuwa hesabu ya karatasi. Lakini mwaka 1949 waganga waliopima damu upande wa Uganda waliona jambo la kushangaza: katika Bwamba, chini ya mlima Ruwenzori, takriban watu 40 katika kila 100 walichukua chembe ya ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huu hukunja chembe za damu zikawa kama mundu, ukaleta maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, na mara nyingi kifo cha utotoni. Yawezekanaje chembe ya mauti iwe nyingi hivyo?

Jibu lilitolewa mwaka 1954 na mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Alionyesha ya kwamba mtoto aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, tena hukingwa na malaria ile kali inayoua. Pale penye mbu wengi, chembe hiyo imeokoa watoto wengi. Penye baridi, katika milima mirefu ambako malaria ni haba, chembe ni haba pia. Hesabu ya Fisher ilikuwa imepata ushahidi wake katika damu ya Waafrika.

Hapa pana neno la kukumbukwa na kila jamaa. Baba na mama wakiwa wote wawili na chembe hiyo, nao ni wazima, kila mtoto wao ana hatari ya moja katika nne ya kuzaliwa na ugonjwa. Kura hiyo hupigwa upya kwa kila mimba. Kwa hiyo si laana, wala si uchawi wa shangazi au wa mke mwenza. Wala si kosa la mama peke yake, kwa maana mtoto hawezi kuugua asiporithi kwa baba na kwa mama. Wanaomfukuza mke kwa kuwa watoto wake wanakufa wamfanyia dhuluma.

Kosa la mtu mwenye akili

Sasa lazima isemwe habari nyingine. Tangu ujana wake Fisher aliipenda elimu iliyoitwa yujeniki, yaani fikira ya kutaka kuboresha wanadamu kama wafugaji wanavyoboresha ng'ombe: wenye akili na nguvu wazae wengi, wenye kasoro wasizae. Mwaka 1911, angali mwanafunzi, alisaidia kuanzisha chama cha fikira hizo huko Cambridge. Kati ya mwaka 1932 na 1934 alikuwa mmoja wa kamati ya serikali iliyoshauri kwamba watu wenye upungufu wa akili waruhusiwe kukatwa uzazi kwa hiari. Bunge la Uingereza halikuipitisha sheria hiyo. Lakini katika Ujerumani ya Hitler, kwa sheria ya mwaka 1933, watu wapatao 400,000 walikatwa uzazi kwa nguvu, na baadaye wagonjwa na vilema wengi waliuawa.

Baba Mtakatifu Pio XI alikuwa amekwisha kukataza mambo hayo katika barua yake juu ya ndoa, tarehe 31 Desemba 1930. Alifundisha ya kwamba serikali haina mamlaka juu ya viungo vya mwili wa mtu asiye na hatia, na kwamba jamaa ni takatifu kuliko dola. Wengi walimcheka wakati ule, wakisema Kanisa linapinga elimu. Miaka haikupita mingi, ikaonekana nani aliyeona mbali.

Tena mwaka 1952, shirika la UNESCO lilipotoa tamko juu ya mataifa na rangi za watu, Fisher alilipinga. Aliamini kwamba makundi ya watu hutofautiana sana kwa akili na tabia za kuzaliwa. Uchunguzi wa damu na wa jeni uliofuata umeonyesha kwamba sehemu kubwa sana ya tofauti za urithi imo kati ya mtu na mtu ndani ya kila kundi, si kati ya kundi na kundi. Na katika miaka yake ya mwisho, yeye aliyependa kiko, alibisha kwamba tumbako haijathibitishwa kuleta kansa ya mapafu, huku akilipwa na wenye viwanda vya tumbako kuwa mshauri wao. Huko nako alikosea.

Msomaji na afikiri. Kama sheria kali za yujeniki zingetumika zamani, mtoto Ronald, mwenye macho mabovu, angehesabiwa upande gani? Kilichomwokoa ni mwalimu mmoja aliyeona zaidi ya kasoro yake. Na hesabu yake mwenyewe yampinga. Chembe ya selimundu, ambayo mtu mwenye haraka angetaka kuing'oa katika kabila lote, ndiyo iliyowakinga watoto wa bonde la Semliki na malaria. Nani basi ajuaye kwa hakika ni urithi gani usio na kazi? Thamani ya mtu haitoki katika chembe zake.

Miaka ya mwisho

Mtoto wake wa kwanza wa kiume, George, rubani wa ndege, alikufa vitani mwaka 1943. Wakati wa miaka hiyo ndoa yake nayo ilivunjika, wakatengana. Fisher alikuwa mwenye hasira za haraka, akawa na adui wengi kati ya wataalamu, ingawa wanafunzi waliomkaribia walimpenda. Mwaka 1952 malkia alimpa cheo cha Sir. Mwaka 1955 alipewa medali ya Copley, iliyo kubwa kati ya tuzo za Chama cha Kifalme cha London. Alikuwa mfuasi wa Kanisa la Anglikana, akahudhuria ibada, wala hakuona ya kwamba elimu yamzuia mtu kumwabudu Muumba.

Mwaka 1959 alihamia Adelaide katika Australia, akafanya kazi huko mpaka alipofariki tarehe 29 Julai 1962, baada ya kupasuliwa kwa ajili ya kansa ya utumbo. Majivu yake yamewekwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Petro la mji huo. Mwaka 2020 koleji yake ya Cambridge iliondoa dirisha la vioo lililowekwa kwa heshima yake, kwa sababu ya fikira zake za yujeniki. Lakini kila siku, katika mashamba ya majaribio na katika hospitali za dunia yote, watu bado wanapiga kura na kupima kwa njia aliyofundisha.

Vijana wanaosoma hesabu na wajifunze kwake kutosadiki neno mpaka limepimwa, hata likiwa neno la mkubwa. Na kanuni hiyo waitumie pia kwa Fisher mwenyewe: wayashike yaliyothibitika, wayaache yaliyokuwa majivuno. Na anayepewa akili nyingi aombe pia unyenyekevu, maana akili peke yake haimzuii mtu kumdharau ndugu yake aliye dhaifu.